Fundi Taratibu na Shati Lililotandazwa Majini

Mtu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na karakana ya baba yake, seremala. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kutembea, akachelewa na kusema, na alipoanza yote mawili aliyafanya kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu viatu vya kuazima. Dada yake mkubwa akamwita Taratibu. Alidhani anamtania. Jina likamganda maisha yake yote, na mwenyewe hakuwahi kulilalamikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Baba yake alitaka arithi randa na msumeno, lakini vumbi la mbao lilimpigisha chafya mpaka machozi, ikabidi mzee akubali kushindwa. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea ushonaji. Mwalimu wake wa ukataji aliandika kwenye cheti chake maneno matatu ambayo marehemu aliyakariri kwa furaha mpaka uzeeni: "Polepole, lakini harudii."

Januari 1969 aliajiriwa kuwa mkataji katika kiwanda cha sare, na mwaka 1978 akafungua duka lake katika mtaa ulio nyuma ya posta. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na kioo kilichopasuka kwenye kona. Wateja wake mnakumbuka sheria ya pale: nguo haiondoki dukani mfukoni mna kitu. Kila shati, kila koti, aligeuza mifuko nje kabla ya kupiga pasi ya mwisho. Funguo, tiketi, vitana, pipi zilizoyeyuka, vyote vilirudi kwa wenyewe. "Mtu akija kuchukua nguo," alikuwa akisema, "achukue nguo. Mambo yake mengine sitaki kuyapiga pasi."

Mke wake alimpata kule kiwandani. Yeye alikuwa akitoboa na kushona matundu ya vifungo, meza ya tatu kutoka dirishani, na alikuwa na sifa ya kutocheka na mtu kabla ya chakula cha mchana. Siku moja mkataji akaweka alama za chaki za matundu kwenye shati la kiume upande usio wake. Binti akalibeba hadi kwake, uso umekunjwa.

"Fundi, hili shati la nani?"

"La mtu atakayekuja kuniuliza."

"Nimekuja."

"Basi limefika."

Hakucheka, maana ilikuwa bado asubuhi. Lakini walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1974, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja. Yeye alimwita "fundi" hadi mwisho, na mume naye akamwita "bibie" hata walipokuwa wamenuniana.

Agosti 1986 mpima ardhi mmoja alileta koti lenye mifuko mingi lishonwe bitana. Fundi akaigeuza yote, na katika mfuko wa mwisho akakuta kikopo kidogo cha bati. Akakifungua juu ya meza. Bibie, aliyekuwa ameleta chai, akaona vitu vyenye manyoya na miguu, akapiga kelele, "Mende!" na kandambili ikawa tayari iko hewani.

"Bibie, subiri! Mende gani amefungwa uzi mwekundu kiunoni?"

Vilikuwa vyambo vya kuvulia samaki: ndoana ndogo zilizovishwa manyoya na nyuzi ili zifanane na kamba wa baharini au kisamaki. Fundi akakaa navyo mchana mzima akiangalia jinsi uzi ulivyozungushwa. Mpima ardhi aliporudi alikuta chambo kimoja zaidi kuliko alivyoacha, kimetengenezwa kwa unyoya wa kuku na uzi wa kushonea suruali. Akacheka, akamwalika waende wote Jumapili kwenye maji mafupi ng'ambo ya daraja la reli. Chambo cha fundi kilifumuka mara ya kwanza tu kilipoloana. Alirudi nyumbani na aibu yake, akafungua droo ya nyuzi na kuanza upya. Ndivyo alivyoingia katika mapenzi yake ya pili, ambayo mke wake aliyavumilia, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, angalau hayakuvaa gauni.

Wengi mmeuliza alikuwa akifanya nini kule. Maji yakipwa, bahari huacha uwanda wa mchanga na tope, na yakianza kujaa tena hupanda taratibu hadi kwenye magoti. Hapo ndipo huja gayogayo, samaki bapa anayelala ubavu, macho yote mawili yakiwa upande wa juu. Hujifukia mchangani, akajigeuza rangi ya mchanga, akangoja. Fundi alikuwa akitembea kwa kuburuta miguu, bila kuinua nyayo, huku akitafuta vitone viwili vinavyotazama juu. Akiviona husimama, anarusha mshipi mwepesi kwa ufito mrefu, anaangusha chambo mbele ya samaki na kukivuta chini kwa chini mpaka kitimue vumbi la mchanga. Gayogayo haumi kwa pupa. Hukifunika chambo kwanza. Anayenyanyua ufito kwa haraka humnyang'anya samaki chakula. Kwa hiyo fundi alikuwa na kanuni yake: vuta pumzi, itoe, ndipo unyanyue. Wengi aliwarudisha majini, wachache walifika jikoni.

Miaka zaidi ya ishirini alimwomba mkewe ashuke naye. Bibie alikaa kwenye jiwe kavu, akishona pindo za wateja, viatu miguuni. Hakupenda tope kati ya vidole. "Njoo uone, huyu hapa!" fundi aliita. "Nimemwona!" alijibu bila kuinua kichwa.

Mwaka 2009 fundi alianza kumpa mkewe sindano amtungie uzi. Alisema ni taa ya dukani. Taa ikabadilishwa, sindano zikaendelea kuja. Daktari wa macho alikuta presha ya macho, imekwisha kula uoni wa pembeni na inaelekea katikati. Dawa ingechelewesha upofu tu. Duka akalikabidhi kwa binti yake mkubwa bila maneno mengi. Lakini kwenda majini hakuacha, na kila mara alirudi na kikapu kitupu. "Wamehama," alisema. Alichokiogopa hakikuwa giza lenyewe. Aliogopa kuwekwa kwenye kiti cha sebuleni, aulizwe kila saa kama anataka maji ya kunywa.

Asubuhi moja ya Oktoba 2011 bibie alimfuata kwa nyuma hadi ng'ambo ya daraja. Akamkuta amesimama kwenye maji, anarusha mshipi vizuri kama siku zote, mzuri wa kutazamwa, ukitua mahali pasipokuwa na kitu. Nyuma yake, hatua chache tu, gayogayo mkubwa kama sinia alikuwa amelala na macho yake mawili.

Bibie alivua viatu.

"Nani huyo?" fundi aliuliza aliposikia maji.

"Mimi. Na hili tope ni chafu kama nilivyokuwa nikisema. Geuka. Yuko nyuma yako."

"Umbali gani? Upande gani?" fundi aliuliza akigeuka.

Hapo wakakwama. "Pale" haikumsaidia, na "kule" ndiyo kabisa. Bibie akafikiri kidogo, akasema, "Fundi, fanya kama umetandaza shati mbele yako, majini. Kola iko mbali, pindo liko miguuni pako. Samaki yuko kifungo cha tatu."

Fundi akatabasamu, akarusha. Mshipi ukatua mbali mno, gayogayo akatimua mchanga akatoweka.

"Nimekwambia cha tatu!"

"Nimerusha cha tatu!"

"Cha tatu kutoka chini!"

"Bibie, vifungo huhesabiwa kutoka kolani!"

"Nani kasema? Nimetoboa matundu kiwandani miaka tisa, nikianzia chini!"

Mpima ardhi, aliyekuwa upande wa pili, anasema walibishana mpaka maji yakawafika mapajani. Mwishowe fundi akakubali kuanzia chini, na shati hilo likawatosha kwa miaka kumi na miwili. "Mkono wa kulia, karibu na kiwiko." "Mfukoni, lakini usimguse." "Kwapani kushoto, haraka!" Wapita njia walidhani ni wazee wawili wamechanganyikiwa. Samaki walirudi kikapuni, na kile kiti cha sebuleni kikakaliwa na paka.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, kupanda ngazi kukawa safari. Daktari alimkataza kusimama kwenye maji. Hakumkataza kukaa, bibie akasema, na mwezi Aprili mwaka huu akabeba stuli ya dukani hadi pale maji yanapofika kwenye vifundo, akamkalisha, akamvika kofia. Ufito fundi hakuweza tena kuurusha. Akamnyooshea mkewe, chambo chenye uzi mwekundu kiunoni kikining'inia.

"Mimi? Sijui."

"Umeniona miaka yote hii."

"Nilikuwa naangalia samaki, sikuwa nakuangalia wewe."

"Basi mimi nitakusikiliza."

Akamsikiliza kweli. Kwa mlio wa mshipi hewani alijua kosa liko wapi. "Umeharakisha mkono. Acha unyooke kwanza nyuma." Bibie alinasa kofia ya mumewe mara mbili, na sketi yake mwenyewe mara moja. Kisha akaushikilia ufito bila kuurusha.

"Yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Kifungo cha pili."

"Kutoka chini?"

"Kutoka chini, fundi."

Akarusha. Akavuta chini kwa chini. Mshipi ukawa mzito, kama umeshika majani.

"Usinyanyue," fundi alinong'ona. "Vuta pumzi. Itoe."

Akanyanyua. Alipomfikisha samaki kwenye stuli, fundi alimpokea kwa viganja viwili na kupitisha kidole gumba juu yake, polepole, hadi kwenye macho. "Yote mawili yapo," alisema. Akamshusha majini, akafungua mikono. Njiani kurudi alikuwa akitabasamu kama mtu aliyemaliza kushona koti na limemkaa mwenyewe vizuri.

Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mkewe ameushika mkono wake. Alivuta pumzi, akaitoa. Mkewe alisubiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, dada yake mkubwa aliyempa jina, na mpima ardhi, ambaye tumemwandika hapa kwa sababu hatujui ukoo wetu ungemwacha nje kwa kisingizio gani.

Suti aliyovaa leo ameishona binti yake mkubwa, na matundu ya vifungo ni kazi ya mjane, aliyeanzia chini. Kabla ya pasi ya mwisho mjane aliigeuza mifuko yote nje, kama inavyotakiwa. Kisha akairudisha ndani, na katika mmoja akatia chambo chenye uzi mwekundu kiunoni, kile alichonasia samaki wake wa kwanza, ncha ya ndoana ameikata kwa koleo isimchome. Ni nguo ya kwanza kutoka mikononi mwao mfukoni mna kitu.

Maji yamekupwa, fundi. Kaa chini sasa, upumzike kwa amani.