Nilikataa Kumwacha na Mume

Asalaam aleikum, walaalo, dada zangu. Mlango ufungwe, maneno yangu leo ni ya wanawake.

Mnanijua: mimi ni mke mkubwa, na wivu ninao. Mume wetu alipooa wa pili, msichana wa Hulugho mwenye kiuno chembamba, nililia hadi macho yakavimba. Usiku wa zamu yangu nilipaka hina, nikafukiza ubani chumba kizima, ili kesho akienda kwake anukie mimi.

Kisha nikaanza kutoka damu kila tukikutana, hata siku zisizo za hedhi. Nikanyamaza. Ndugu zangu, nawaambia, ningesema naumwa, zamu yangu ingekwenda kwa nani? Kwake! Basi nikajifunga vitambaa viwili viwili, na ubani nikazidisha.

Asubuhi moja tunapika anjera na huyo mke mwenzangu, akaona doa kwenye gauni langu la dira. "Abaayo," akaniita, kama dada yake, "hii si hedhi. Shangazi yangu alianza hivi, tukamzika."

Akanikokota hospitali ya hapa Garissa. Wakasema mlango wa kizazi una kidonda, niende Nairobi upesi. Aa! Mimi nilazwe Nairobi, yeye abaki na bwana zamu zote?

"Siendi," nikamwambia. "Labda na wewe uje, bwana abaki ajipikie."

Nilidhani atakataa. Akafunga mzigo.

Nairobi, daktari mwanamke akasema ni saratani, ila bado changa. Huletwa na kirusi kinachopitishwa mke na mume wakikutana, na hukaa miaka mtu asijue.

Nikamgeukia mwenzangu: "Wewe ndiye uliyekileta!"

"Mama, hakuna awezaye kujua aliyeanza," daktari akanikatiza. "Mume wenu ni mmoja, kwa hiyo na huyu nitampima."

Kumbe! Hatoki damu, hana maumivu, lakini kule ndani kumeanza kuharibika. Wakapachoma mapema, saratani isipate nafasi. Mimi nilitolewa kizazi.

Alhamdulillahi, niko mzima. Yeye amezaa tena, mtoto wa kiume. Wivu naona? Wallahi naona, unanichoma hapa kifuani! Lakini namshukuru daktari, na namshukuru mwenzangu huyu anayenicheka pale nyuma. Angeninyamazia, mngekuwa mmenizika.

Walaalo, damu isiyo ya siku zake msiifiche. Wala msiingoje, mkapimwe mkiwa wazima. Mwenye mke mwenza aende naye. Kama mapenzi hamna, basi nendeni kwa wivu.