Wa Mlangoni au wa Mezani

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushonea viatu. Mkasi, kinyozi, hukaa mwisho wake ametandaza miguu kana kwamba benchi alirithi kwa babu yake. Katibu, karani mstaafu, hukaa katikati apate kusikika pande zote. Alasiri ile Bomba, fundi mabomba wetu, mtu asiyejua kunyamaza, alikuja kimya. Akatua mfuko wa vyombo, akapokea kahawa kwa muuzaji, akatoa kitabu chenye jalada jeusi. Tulikijua. Ni ule mkusanyiko wa hadithi fupi za kutisha unaotoka kila mwaka, ambao Mkasi huuweka saluni wateja wasisinzie.

— Fungua pale palipokunjwa, Katibu. Soma jina la mwandishi.

Katibu akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena.

— Huyu si mkeo?

— Ndiye.

— Huyuhuyu anayepiga pasi kwa dobi?

— Kwani nina wake wangapi, Katibu?

Katibu akatusomea hadithi yote kwa sauti. Mwanamke anaishi na mumewe vyumba viwili. Kila jioni mume anarudi kazini amepungukiwa na kitu. Kwanza kivuli. Halafu vishindo vya miguu. Halafu uso. Mke anampakulia, anampa habari za siku, naye anaitikia vilevile. Jioni ya mwisho mume anarudi mzima, kivuli chake na uso wake, anatabasamu mlangoni. Mke anamfungia mlango kwa komeo, kwa sababu nyuma yake, mezani, mumewe ameshaanza kula.

Hapo hata Mkasi alikunja miguu.

— Sasa mimi ni yupi? Bomba akauliza. Wa mlangoni au wa mezani?

— Wa mezani, akasema Mkasi. Wewe na sahani ni ndugu wa kunyonya.

— Sitanii, bwana. Tangu nikisome napiga hodi kwangu mwenyewe. Akifungua, namwangalia kama ananitambua. Jana nimelala sebuleni.

Katibu akakohoa. Kikohozi kile huwa kinatangulia wahenga.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Mtu hapo anapungua, Katibu. Hajai.

— Ndiyo! Lakini kinachopungua kwako kinakwenda wapi? Kuna kibaba kinajaa mahali. Kuna mtu anatengenezwa.

— Kwa vipande vyake, akadakia Mkasi. Kidogo kidogo. Mimi kinyozi, najua. Nywele za mtu haziishii sakafuni.

— Nywele zangu za juzi ulizipeleka wapi?

Mkasi akanywa kahawa.

Nami nisibaki nyuma, nikasema viatu vya Bomba nilivyovitia soli mwezi uliopita vilikuwa vimelika upande mmoja tu, kama vya mtu anayebebwa kwa upande wa pili.

— Unaona? Katibu akasema. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeinama ukatazama chini ya kitanda?

— Nimetazama.

— Ukaona nini?

— Ndala yangu.

— Ndala, au ndala mbili?

Bomba akafikiri.

— Moja.

— Basi wameanzia miguuni, akasema Mkasi kwa huzuni ya kweli.

Tukacheka. Bomba hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe mkononi, hanywi.

— Mimi najua bomba la kila nyumba mtaa huu, akasema. Linapita wapi, linavuja wapi. Mke wangu ana hadithi kitabuni, na aliyeniambia ni mteja aliyekuwa ananyolewa! Sikujua hata kama anaandika.

Hilo halikuwa na mzaha wa kulifaa. Tukanywa.

Ndipo akatokea mdogo wa mkewe, fundi cherehani, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji, nimeambiwa kitabu cha dada unacho. Nikione.

Bomba akampa. Hakusoma hadithi. Alitafuta jina la dada yake, akalipapasa kwa kidole gumba, akatabasamu peke yake. Kisha akauliza:

— Aliiandikia wapi?

— Nini?

— Nauliza tu, shemeji. Vyumba viwili, watoto watatu, redio yako haizimwi, na wewe mwenyewe redio ya pili. Dada alikaa wapi akaandika haya yote?

Bomba akamwangalia Mkasi. Mkasi akaniangalia mimi. Katibu alifumbua kinywa, akasubiri wahenga, hawakuja, akakifumba. Muuza kahawa akatikisa birika lake, akatuonyesha limekwisha. Bomba akabeba mfuko akaenda zake nyumbani, jua likiwa bado juu.

Kesho yake alifika, akasalimia kila mtu.

— Enhe? nikamwuliza.

— Kwa dobi. Juu ya meza ya pasi, wateja wakipungua. Anasema nyumbani haiwezekani, ninaongea mno.

Hatukumpinga.

— Na wewe ni yupi?

— Nilimwuliza. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema si mimi, ni hadithi. Halafu akasema labda kidogo. Nikamwambia anisomee mwenyewe. Jamani, nimeogopa! Peke yangu sikuogopa vile. Kumbe mke wangu ana sauti ya kusimulia, miaka yote hii sijaisikia.

— Ukalala sebuleni?

— Na woga ule? Nani alale sebuleni!

Tulicheka mpaka mteja wa Mkasi akachungulia na povu shavuni.

— Ameshaanza ya mwakani, Bomba akasema. Jana nimezima redio, nimewatoa watoto nje, nimemwachia meza. Nami nikakaa kizingitini, kimya.

— Wewe?

— Mimi.

— Inahusu nini hiyo ya mwakani?

— Watu wanne, kwenye benchi.

Katibu akauliza, polepole:

— Na wote wanne wanafika mwisho?

Bomba alikuwa anapuliza kahawa yake.