Aliyeshika Kamba ya Joka

Kitale, ng'ambo ya barabara kutoka msikiti wa mjini, upo ubao mrefu uliolazwa juu ya mataruma mawili ya reli. Wanaume huukalia tangu saa mbili asubuhi wakitatua matatizo ya nchi ambazo hawajazikanyaga, huku kazi zao wenyewe zikiwangoja nyumbani kwa adabu. Mwenye birika ni Abdirashid, waliyempa jina la Mahakama, maana akiacha kumimina kahawa kesi imefungwa. Jirani yake kwenye ubao, Walubengo, wanamwita Bibisi kwa sababu ya redio anayoipakata kama mjukuu. Aziz, kijana wa bodaboda ya baiskeli, ni Breki, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee ambacho baiskeli yake haikuwahi kuwa nacho. Mwezi huo wa Juni, Kombe la Dunia likirindima kule Ujerumani, Breki alikuwa amefunga kwenye usukani bendera ya Uingereza: nyeupe, msalaba mwekundu.

Siku hiyo mwenzao wa nne hakuwa ameketi. Kemboi, fundi wa mabango, yaani Brashi, alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye ubao, mbele ya geti jipya la chekechea ya Mtakatifu Joji, rangi imemfika viwikoni. Saa sita juu ya alama padri angekuja kulibariki. Madamu Lorna, mwalimu mkuu, hakumficha: geti likimpendeza, kuta za madarasa manane ni za Kemboi, kazi ya kumfikisha mavuno ya mahindi. Lisipompendeza, Bungoma kuna mafundi.

Na Kemboi alikuwa na sharti lake: kila anachokichora hukiandikia jina chini. Sharti hilo alilipata katika mji wa Kapsokwony, alipochora mbuzi kwenye bucha, wateja wakaona mbwa, na mwenye bucha akashinda wiki mbili akila nyama yake mwenyewe. Tangu hapo hata ng'ombe akimchora humwandikia NG'OMBE.

— Brashi, hiyo ni farasi ama punda? Breki aliita kutoka kwenye ubao.

— Soma chini.

— Imeandikwa FARASI.

— Basi umejibiwa.

— Na huyu jamaa ako juu, si ni mimi huyu? Hata pua ni yangu!

— Ni wewe. Nani mwingine angekubali kukaa juu ya baiskeli na mti wa fagio saa nzima?

Walicheka mpaka Bibisi akaizima redio, jambo ambalo halifanyiki hata kwa habari za kifo.

— Mjue mnamcheka nani, alisema. Huyo Joji ndiye mlinzi wa Uingereza. Hiyo msalaba iko kwa baiskeli yako ni yake.

— Mlinzi? Na siku ya penalti huwa amelala?

— Penalti si joka, bana. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki ameingia aje hapa?

— Ameingia na mlango. Endelea kunywa.

Abdirashid aliweka birika chini, polepole, kama hakimu anayevua miwani.

— Uingereza hiyo hakuikanyaga hata kwa bahati mbaya. Sisi Waislamu twamwita Jirjis. Mama yake mtu wa Palestina, yeye askari wa Warumi. Mfalme akamuua kwa sababu ya imani yake, akafufuka. Akamuua tena, akafufuka tena.

— Mara ngapi, Mzee?

— Mpaka mfalme mwenyewe akaomba kupumzika.

— Sasa Waingereza walimpata aje?

— Walimchukua. Wahabeshi nao wanaye, na kuna nchi nzima huko Urusi-Urusi imeitwa jina lake. Mtu mmoja, malindo matatu, kama wochimani wa hapa mjini.

Kemboi alikuwa akiwasikia, tabasamu limemkaa mdomoni, mkono ukipita juu ya magamba ya joka. Joka lake lilifanana na kenge aliyekula harusini, lakini alilipenda. Lilikuwa na shibe.

— Mimi niseme ukweli? Bibisi alisogea mbele. Hiyo hadithi ni yetu. Waliiba. Si kwetu Bungoma kulikuwa na Mango? Joka lilikaa pangoni, likamaliza watoto wake. Mango akachukua panga, akaingia, akalingoja mlangoni. Kichwa kikaruka na hasira yake, kikauma mti, mti ukakauka siku hiyo hiyo! Sasa niambieni, Mango na Joji wanatofautiana wapi?

— Joji ako na farasi, alisema Breki.

— Mango hakuhitaji farasi. Alikuwa na miguu.

— Na baada ya hapo akatahiriwa, alidakia Kemboi bila kugeuka. Na nani? Na watu wetu wa Mlima Elgoni! Kisu kilitoka kwetu, Bibisi. Usikule kipande cha hadithi.

— Kisu tulilipa na shukrani! Lakini joka lilikuwa letu!

— Joka lilikuwa Libya, alisema Mahakama. Hata vitabu vya makanisa vyasema mji ule ulikuwa Libya.

Bibisi aliipangusa redio kwa mkono wa shati. Ungedhani ameshindwa, lakini mwanamume wa kijiweni hashindwi, huhama uwanja tu.

— Sawa. Libya. Na mapango ya Elgoni yanatokea wapi?

— Wapi?

— Libya! Ndovu wanaingia usiku kulamba chumvi, wengine hawarudi. Mnadhani wanaenda wapi? Joka la kwanza Mango aliua. Ndugu yake akaona mambo ni mabaya, akapita chini kwa chini, akatokea Libya, Joji naye akammaliza huko. Majuto ni mjukuu!

— Hapo methali imefika nyumbani, alisema Breki. Kwa makosa, lakini imefika.

Basi likaanza lile ambalo Kemboi angepaswa kulikataa. Bibisi alishikilia kwamba joka lenye safari ndefu hivyo haliwezi kuandikwa JOKA tu, liandikwe YABEBE kama Babukusu, watu wa kwao, wanavyoliita. Kemboi akaandika. Breki akasema farasi wa mtakatifu naye si farasi wa mkokoteni, aitwe MSAFIRI. Kemboi akafuta, akaandika. Mahakama, ambaye kwa kawaida ana akili, akasema kuna masimulizi ambamo hata mkuki una jina. Wakabishana robo saa, mkuki ukaitwa NYOOSHA. Jua lilikuwa limeshapanda, saa nne imegonga, na wanaume wanne wazima walilitazama geti kama watu waliotoka kuumba dunia.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja, mwiko wa ugali umefungwa gazeti kwapani, viatu vina udongo mwekundu wa Endebess.

— Hamjambo. Hapa ndipo shule? Mimi ni Jelimo, nimekuja kupika.

— Ndipo, mama. Karibu Kitale. Karibu kahawa.

Jelimo hakuchukua kahawa. Alisogea getini, akasoma kwa kidole, jina kwa jina, bila haraka.

— Joji. Msafiri, huyu ni farasi. Yabebe. Nyoosha... mpaka mkuki? Alicheka, kicheko kizuri cha kifuani. Kisha kidole kikafika pembeni, kwa msichana mwenye gauni la buluu. Na huyu anaitwa nani?

Ubao wote ulimtazama Mahakama. Mahakama aliitazama birika.

— Huyo ni yule wa kuliwa, alisema Breki. Walikuwa wanapiga kura, kila siku mtoto mmoja kwa joka. Siku hiyo kura ikamwangukia.

— Nimeuliza jina.

— Ni binti mfalme, alisema Bibisi.

— Hilo ni la babake.

— Andika MREMBO, bana, alisema Breki.

— Hayo ni maoni yako. Jelimo aliinama, akalikaribia geti. Na hii ameshika mkononi ni nini? Kamba?

Kemboi ilibidi ajibu, maana Madamu Lorna alikuwa amemsimulia yeye hadithi hiyo.

— Mshipi wake. Joji alilichoma joka, halikufa. Msichana akavua mshipi, akalifunga shingoni, akalivuta mpaka mjini likimfuata kama ndama.

— Yeye ndiye alilivuta?

— Yeye.

— Mkuki uko na jina, na aliyeshika kamba hana?

Bibisi alifungua mdomo, na Jelimo akamgeukia kwa upole:

— Na huyo Mango aliyemuua Yabebe, mkewe je, baba? Yule mama wa watoto walioliwa. Yeye aliitwa nani?

Kemboi alijikuta akihesabu kimoyomoyo mababu zake, kizazi hadi kizazi, saba bila kukwama. Kisha akamtafuta bibi yake, aliyemlea, aliyemnunulia brashi ya kwanza kwa kuuza kuku wake watatu. Alimjua kwa jina moja tu: Kogo. Na kogo, kwa lugha yao, ni bibi tu, wa kila mtu.

Mahakama aliipindua birika. Lilitoka tone moja, kisha mashapo.

— Kahawa imekwisha, alisema, na kwa mara ya kwanza ilisikika kama kuomba radhi.

Kemboi hakuwa na jina, na kuacha wazi hakuweza. Alifuta brashi kwa tambara. Kisha akachukua mkebe wa rangi nyeusi, ile ya ubao wa darasani isiyong'aa na inayokauka upesi, akapiga mraba safi chini ya miguu ya msichana.

Saa sita Madamu Lorna alifika na padri, nyuma yao chekechea nzima imeshikana mashati. Alisoma geti lote. Kwenye mkuki nyusi zilipanda. Kwenye mraba mweusi akasimama.

— Kemboi, hapa hukumaliza.

— Nimemaliza, Madamu. Jina lake hatulijui. Tumeuliza wote. Nikasema wanaojifunza kuandika waandike lao.

Madamu Lorna aliutazama mraba tena. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akakishusha mpaka kwenye kimo cha mtoto wa kwanza. Aliyekipokea alikuwa binti wa miaka minne, ulimi nje kwa bidii. W yake ilitoka mgongo juu, A mbili zikagombana, lakini ilisomeka: WACERA.

— Madarasa utaanza lini? Madamu aliuliza, macho bado getini.

— Hata leo, alisema Kemboi, sauti ikamponyoka.

Padri aliinua maji ya baraka, ila hakupata nafasi ya kuyanyunyiza, maana mstari ulikuwa umeshavunjika. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wamebanana mbele ya mraba, vivulana vikipenyeza vichwa, na mmoja, mfupi kuliko wote, alikuwa akifuta jina la mwenzake kwa mkono wa sweta:

— Songa, Wacera! Wewe umeshalivuta sana. Sasa ni mimi nashika joka.