Adelard Alivyoikata Kazi ya Mashine

Benchi letu liko Temeke, mbele ya kibanda cha Jamali, mchonga vinyago ambaye sie tunamwita Patasi. Jioni tunakunywa kahawa hapo, miguu ikiwa ndani ya vumbi la mpingo. Gregori, karani wa bandarini, ni Spika, maana redio ikisema asubuhi, yeye anarudia mpaka usiku. Wa tatu ni Adelard, Bwana Mashine. Anafanya kazi mjini, kwenye ofisi yenye kompyuta, ndani ya chumba kinachopozwa kama bucha. Tangu aajiriwe hajawahi kukaa na sie bila tai, na hajawahi kuacha kutuita washamba. Jioni ile ya mwaka sabini na tatu alikuja shingo wazi.

— Wamekufukuza? aliuliza Patasi, furaha imemjaa usoni.

— Wamenisimamisha. Nasubiri kuitwa na kamati.

— Umeiba nini?

— Sijaiba. Nimeikata kazi katikati.

Spika alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Kazi inakatwaje? Muwa huo?

Adelard alijikaza, akatueleza. Mashine ile hufanya kazi kadhaa kwa pamoja, na yeye hukaa mbele ya taipu akizipelekea ishara. Ipo ya simama kidogo, ipo ya endelea, ipo ya maliza uondoke. Hizo kazi huzisikia, na kila moja hujibu kama ilivyofundishwa. Ila ipo moja ya mwisho, ambayo kazi haiisikii kabisa. Mashine huing'oa tu, hata kama ilikuwa na kitu mkononi.

— Kama mgambo na wauza karanga, alisema Patasi.

— Sasa leo kulikuwa na kazi ya majina ya watoto wa darasa la saba, waliochaguliwa kwenda sekondari. Inatoa jina huku, inaliweka kule. Mkubwa akaingia na kazi yake, anaitaka hapo hapo. Nikaipelekea ile ya watoto ishara ya maliza uondoke. Kimya.

— Imekudharau, alisema Spika.

— Hata mie nilifikiri hivyo! Mkubwa kanisimamia mgongoni, anahema. Nikapiga ile ya mwisho.

— Halafu?

— Kumbe ilishasikia. Ilikuwa inafungasha. Ningesubiri kidogo tu, ingetoka yenyewe. Sasa majina iliyokuwa nayo mkononi hayajulikani yako huku au kule.

Patasi alitema mate pembeni.

— Msomi mzima, kusubiri kumekushinda.

— Mnakosea nyote, alisema Spika, akasimama kama yuko mkutanoni. Mashine hiyo imesoma Mwongozo wa TANU. Imekataa kuburuzwa na meneja. Ule ni mgomo, na wewe umemsaliti mfanyakazi mwenzio!

— Mgomo wapi! Hilo ni jini la Kizungu. Wamelifungia kwenye baridi lisikumbuke kwao. Ukilikatisha linakula, linameza kilichopo mdomoni.

— Ndugu Patasi, jini linakula majina? Hao ni mabeberu. Jina likipotea huku linaibukia London. Saa hizi watoto wetu wameshapangiwa vitanda huko, wanapimwa makoti.

— Basi watarudi na tai, wampe na huyu moja!

Tulicheka, na mie nilicheka sana. Adelard alitazama kikombe chake.

Alikuwa bado anakitazama alipofika Demetria, jirani yetu, anatoka dukani na chupa ya mafuta ya taa. Adelard aliinuka.

— Shikamoo, mama Auleria.

— Marahaba, baba. Nimewasikia toka kule mnataja majina ya darasa la saba. Auleria wangu amefaulu, mwalimu mkuu mwenyewe kaniambia. Jina lake lilikuwa limeshawekwa huko kwingine, au bado?

Spika alikaa. Patasi alichukua kinyago akaanza kukisugua, na kilikuwa kimeshasuguliwa. Mie nilimtazama Adelard, nikingoja Kiingereza chake cha ofisini.

— Sijui, mama.

— Yule mkubwa wako anajua?

— Hajui.

— Mashine yenyewe?

Adelard alitikisa kichwa.

— Basi anajua nani?

Mama Auleria aliiweka chupa yake chini, akatusogeza kwa mkono, akakaa katikati ya benchi, akangoja.