Mama Ndoo na Spinachi za Ghorofani

Wasikilizaji wapendwa, leo msipunguze sauti ya redio. Iongezeni! Tunamkumbuka mwanamke aliyelima bila shamba. Ndiyo, bila shamba. Mtaa mzima ulimwita Mama Ndoo.

Alikuwa fundi cherehani. Aliishi ghorofa ya juu na mumewe, fundi saa. Kibaraza chao kilikuwa chembamba, watu wawili hawapishani mpaka mmoja abane tumbo. Humo ndimo alimolima spinachi.

Mara ya kwanza aliharibu. Alichukua ndoo ya rangi iliyokwisha, akaijaza udongo na samadi, akapanda. Akamwagilia kama anayenywesha ng'ombe. Kumbe ndoo haina tundu hata moja chini! Mbegu zikaoza, harufu ikafika ngazini. Mumewe akamcheka: "Mke wangu, hii ni bustani au supu?"

Basi akapasha msumari moto, akatoboa. Ndoo, madebe, mpaka beseni la kufulia, jamani! Na spinachi zikaota. Zikaota, wasikilizaji! Majani mapana kuliko kiganja.

Lakini maji hushuka. Ghorofa ya chini yake alikaa msusi, na shuka yake nyeupe ikapata matone ya tope.

"Wewe wa juu! Shuka uone ulichonifanyia!"

"Kinga ndoo, shoga yangu. Mbegu nakuletea."

"Nikinge matope yako?"

"Matope yenye mbolea hayo!"

Alishuka, akaifua ile shuka kwa mikono yake. Kisha akaacha ndoo yenye udongo na mbegu pale pale maji yanapodondokea. Tangu siku hiyo maji ya juu yakanywesha chini. Na msusi, kila tone likimpata kichwani, aligomba kwanza, ndipo akachuma mboga.

Mama Ndoo alitufundisha sote: chuma majani ya nje, moyo uuache. Binti yake ameniambia, "Ukiling'oa shina, mama anakutazama kama umemkanyaga kidonda."

Wiki iliyopita Mama Ndoo alitutoka, baada ya kuugua kifua. Hatunaye tena. Na msibani watu walinong'ona jambo moja: ndoo je? Maana fundi saa hakuwahi kugusa kopo la kumwagilia. Miaka yote alisema, "Takataka hizi, siku moja nazitupa." Juzi majani yalikuwa yamelegea. Chini hakukudondoka kitu.

Sasa sikilizeni! Jana asubuhi msusi alikuwa anaanika nguo. Tone likamwangukia utosini.

"Nikafungua mdomo nigombe," ameniambia. "Nimeshasema 'Wewe wa juu!', ndipo nikakumbuka. Nikainua macho."

Juu alisimama fundi saa, kopo mkononi, anamwagilia kidogo kidogo kama anayetia saa mafuta.

"Shemeji," akauliza, "nimezidisha?"

"Mwaga, shemeji," msusi akajibu. "Nimekinga."

Fundi saa, binti wa marehemu, na wote mliokula mboga ya mkono wake, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nasi tuliobaki, tutazame majumbani mwetu: kipi aliyeondoka alikipenda, nacho sasa kinangoja maji? Usimngoje mwingine. Chukua kopo.

Na kama ndio kwanza unaanza, ndugu yangu, tafadhali: toboa ndoo!