Milembe Luhaga, Aliyeifanya Hamira Imtetee Baba

Marehemu Dkt. Milembe Luhaga alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, hapa Sola, Maswa, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Luhaga na Mama Apolonia. Mimi Boniventura, ninayesoma wasifu huu, ni kaka yake.

Mwaka 1989 baba yetu, akiwa na miaka arobaini na moja, alianza kuyumba akitembea na ulimi wake ukawa mzito. Watu walisema ni pombe. Mwaka uliofuata alitengwa na meza ya Bwana, na akabaki hivyo hadi alipofariki mwaka 2002. Baba hakunywa. Kila Jumapili nilihesabu hatua zake kutoka mlangoni hadi kwenye zizi na kuziandika: 64 mwaka 1989, 150 mwaka 2001. Zizi halikuhama.

Milembe alimaliza darasa la saba mwaka 1993. Mwaka huohuo mimi nilimaliza kidato cha nne, na baadaye nilichaguliwa kuendelea. Baba hakuweza tena kwenda malishoni peke yake, hivyo nilibaki. Januari 1994 Milembe alikwenda sekondari Bariadi akiwa na sketi mpya. Nilimbebea sanduku hadi barabarani na sikumuaga vizuri. Nilimwonea wivu siku ile, na niliendelea kumwonea kwa miaka ishirini.

Alihitimu chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2003. Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Mwalimu Constantine Bujiku wa Bariadi. Mwaka 2008 walijaliwa binti, Precious. Shemeji alikuwa akilalamika, "Mke wangu akiamka anaiamkia hamira kwanza. Ikishakula sukari yake, ndipo mimi nasalimiwa."

Kazi yake ya utafiti ilikuwa hiyo hamira, hii ya maandazi, ambayo pia huchachua pombe. Alieleza kwamba chembe yake hai, yaani seli, ni ndogo mno, lakini mambo mengi ndani yake huenda kama ndani ya chembe ya mtu. Alichukua hitilafu ya kurithi inayoharibu ubongo, akaitia kwenye hamira, na ndani yake protini ikaganda kama uji wenye madonge. Kwa mtu madonge hayo huchukua miaka arobaini. Kwa hamira, siku mbili. Alijaribu kemikali 312, na mbili zilipunguza madonge. Kila mara aliongeza, "Lakini hamira si mtu."

Mwaka 2011, akiwa masomoni Uholanzi, aliniandikia akiomba madaftari yangu. Alitaka kujua ugonjwa wa baba ulianza na kwenda vipi, ili achague hitilafu sahihi ya kutia kwenye hamira. Nilimjibu kuwa yameliwa na mchwa. Yalikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Sikutaka hesabu zangu ziwe shahada yake. Kwa miaka mitatu alifanyia kazi hitilafu isiyokuwa yetu.

Desemba 2014 alirudi nyumbani. Mama alimwambia, "Baba yako alisingiziwa pombe, na wewe umekwenda Ulaya kusomea hamira ya pombe?"

"Ndiyo, mayu. Iliyomsingizia ndiyo itamtetea."

Asubuhi yake alikwenda kwenye zizi. Aliporudi, aliniuliza bila kunitazama, "Umehesabu ngapi, kaka?"

"Tisini na moja."

Alikaa chini. "Wewe umerithi miguu ya mama. Nikikuona unaruka uzio nakuonea wivu hadi salamu inanikwama."

Nikamwambia, "Na mimi tangu ile sketi." Alicheka sana. Niliingia ndani nikamletea madaftari yote kumi na matatu. Alisema tu, "Mchwa wenu huku wana adabu."

Mwaka 2017 vipimo vya damu vilithibitisha kuwa ugonjwa wake ulikuwa ule wa baba. Alihamia maabara ya Mwanza, akaitia hitilafu hiyo, sasa ile sahihi, kwenye hamira, akifanya kazi akiwa ameketi. Siku moja sokoni Bariadi, muuza nyanya alimtania, "Dada, leo umeanza mapema!" Alijibu, "Nimeanza tangu kwa baba." Alifariki nyumbani Bariadi tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Aliagiza maneno haya yasomwe mbele ya kanisa hili: "Baba yangu, Luhaga, hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa na ugonjwa huohuo. Kaka yangu aliandika ushahidi kabla sijajua kuutafuta."

Nilitamani maneno hayo niyaseme mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita. Yamekuwa yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kuyathibitisha.

Ameacha mama, mume, binti yake Precious mwenye miaka kumi na saba, na kaka mmoja. Analazwa hatua nne kutoka kwa baba. Nimezipima leo asubuhi. Bwana awape wote wawili pumziko la amani, mezani pake, bila kutengwa.