Kumuaga Mkaguzi Aliyefunga Tangi Letu

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Padri, maafisa mliotoka Nyeri mjini, wanachama wa ushirika wetu wa maziwa hapa Tetu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Leo tunamuaga Bwana Kioko, mkaguzi wa usalama wa stima, anayestaafu. Wengi wenu mlitaka kumfukuza hapa, na mimi mwenyekiti nikapigiwa simu za matusi kwa ajili yake. Kwa hivyo nitasema.

Sheria tunaijua: nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni, kazi yake ipimwe, cheti kitolewe, na mahali pa kazi pakaguliwe tena hata kama cheti kinang'aa ukutani. Cheti tulikuwa nacho. Tulikosa nini basi? Ile nondo ya shaba iliyozikwa nyuma ya jengo, ambayo stima ikivuja huipitia hadi udongoni badala ya kumpitia mtu. Ndugu yetu Muriithi aliiona, akaipenda, akaing'oa akaenda kufungia mtamba wake. Muriithi, usijifiche nyuma ya kofia. Sisi wengine tulipita pale kila siku, na nani aliuliza?

Bwana Kioko alikuja asubuhi, mikebe imejaa, lori la kwenda Sagana linangoja. Akaweka kipimo kwenye tangi la kupoza maziwa, akazima stima, akafunga mlango kwa kufuli. Nilimsihi sana. Nilimwambia maziwa yataharibika, na kweli yaliharibika, nami nilikasirika vibaya. Akauliza ni nani huosha hilo tangi. Nikamwonyesha Wakiuru, mfanyakazi wetu, amesimama kwenye maji na brashi mkononi.

Akaniambia, "Mzee, maziwa mtakamua ingine jioni. Huyu mama mtamtoa wapi ingine?"

Ndipo Wakiuru akasema kwamba wiki nzima tangi lilikuwa likimng'ata vidole. Alikuwa ametuambia. Sisi wanakamati tulimjibu kwamba ni sabuni.

Nondo mpya imezikwa, na Bi. Maurine, anayechukua nafasi ya Bwana Kioko, ameshaipima. Akitufungia siku moja, tafadhali msinipigie simu.

Bwana Kioko, kamati ilinichagua nikukabidhi zawadi hii ya blanketi. Wakiuru amekataa. Amesema ataitoa kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wake wawe kando yake wakuone. Wapisheni njia, wanakuja.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.